Genzo Sita, Reika Nne

Osaka, 14 Julai 1997

Mjomba Shigemitsu,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na ukumbi wako wa michezo ya mashine bado una watu. Mimi sijambo, ila joto la huku halina adabu. Feni yangu imekufa juzi, na mama mwenye nyumba ameniazima yake kwa sharti nimwogeshe mbwa wake kila Alhamisi. Kazini ghalani ni zilezile soksi: naandika zilizoingia, naandika zilizotoka.

Sasa sikiliza, maana hili si dogo. Mama amepiga simu. Amesema miaka miwili ya kukaa Osaka kubonyeza vitufe inatosha. Kuna nafasi ya karani kwenye ushirika wa mapeari huko nyumbani, na ameshaniombea. Meza yangu itakuwa karibu na ya Bwana Ikuta, yule anayetafuna mdomo wazi hadi unajua amekula nini. Nimelia, nimebishana, mwisho tumekubaliana hivi: tarehe tatu Novemba kuna mchujo wa Osaka wa Milima Saba, ule mchezo wetu wa mapigano. Watatu wa kwanza wanakwenda fainali za taifa Tokyo. Nikiwa mmoja wao, nabaki huku na Mama hatanigusa. Nisipokuwa, nafunga mizigo.

Unajua kwa nini nilikubali haraka hivyo? Kwa sababu yako. Huku watu saba katika kumi wanamchagua mpiganaji Reika, yule msichana wa sarakasi. Na chati yako ukutani inasema Genzo dhidi ya Reika ni sita kwa nne. Mechi kumi, Genzo wetu, yule mzee mzima-moto, anashinda sita. Hata magazeti ya michezo hayajagundua hilo, wao wamemweka Genzo mkiani kabisa. Nitawapitia wote kama nafagia uwanja.

Naomba uninakilie chati nzima, pamoja na maelezo ya nguvu zake na udhaifu wake.

Mpwa wako,
Chinami

---

Kurayoshi, 29 Julai 1997

Mpwa wangu Chinami,

Marahaba. Mgongo umetulia kwa sababu siuuguzi, naupuuza. Mapeari yameshavikwa mifuko yake ya karatasi ya kuzuia wadudu, mvua zimekwisha, na mama yako anafanya mazoezi ya viungo ya redioni kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu chini ya dirisha langu, ingawa uwanja ni mkubwa na angeweza kusimama popote. Nadhani ni kwa makusudi. Mimi na dada yangu tuko mbili kwa nane tangu nilipozaliwa.

Ombi lako limenitia fahari. Chati nimeinakili upya nyuma ya kalenda ya ushirika. Kumbuka haya si maoni ya mtu aliyekaa kitini Tokyo akitunga. Ni mechi elfu moja mia moja arobaini na tatu, zote nimeziandika kwenye daftari la ukumbi, lile ambalo wachezaji huachiana ujumbe na matusi. Nimekuwa bingwa wa ukumbi kwa miaka mitatu na nusu mfululizo. Wamekuja watu hadi kutoka Yonago, wakarudi kimya.

Nguvu za Genzo. Kwanza, ngwala yake ni ndefu, inamfikia mtu aliye mbali akidhani yuko salama. Pili, akikushika bega, umekwisha, anakutupa mpaka ukingo wa uwanja. Tatu, ana tumbo. Ngumi ndogo hazimrudishi nyuma.

Udhaifu wa Genzo. Hana udhaifu, ana tabia. Anaruka polepole. Hawezi kurudi nyuma kwa haraka kama wenzake, kwa hiyo akishaanza jambo hulimaliza. Mimi naona hiyo ni heshima.

Kuhusu Reika, watu humwogopa kwa teke lake kubwa. Hapa kwetu tumelichunguza muda mrefu, na tumegundua kwamba teke hilo ni zito kutoka. Mtu anabonyeza, nalo linajifikiria. Katikati ya kufikiria huko, wewe unampiga ngwala. Basi. Sita kwa nne, na hapo nimemwonea huruma Reika.

Usimwogope mtu. Kula vizuri.

Mjomba wako,
Shigemitsu, bingwa wa Ukumbi wa Tsubame

---

Osaka, 17 Agosti 1997

Mjomba,

Shikamoo. Samahani sikuweza kuja kwenye sikukuu ya wafu mwaka huu. Naomba umwashie Babu uvumba kwa niaba yangu, na umwombe anisaidie, maana nahitaji.

Nimecheza na Reika ishirini. Nimefungwa kumi na tisa. Yule wa ishirini alikuwa mzee aliyekaa kupumzisha miguu.

Mjomba, teke halijifikirii. Mtu anabonyeza, nalo limeshafika. Nikipiga ngwala, mguu wa Reika uko usoni pa Genzo kabla hajainama. Kuna dada mmoja hapa, Hoshiko, anafanya kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno. Anainama, anasema, "Samahani, naomba unihurumie," halafu ananipiga hadi naona haya kuinua uso. Jana baada ya mechi ya nne alizunguka mashine akaja upande wangu.

"Samahani dada, naweza kuuliza?"

"Uliza."

"Mbona kila nikikupiga teke kubwa unapiga ngwala? Umekula teke hilo mara thelathini leo. Nimeanza kuona vibaya."

"Ni nadharia ya mjomba wangu."

"Mjomba wako anacheza?"

"Ni bingwa."

"Wa wapi?"

Nikajifanya natafuta kitambaa.

Gazeti la mwezi huu limetoa chati yake: Genzo dhidi ya Reika, tatu kwa saba. Wewe unasema sita kwa nne. Mmoja wenu anaishi dunia nyingine. Naomba uniambie, kwenye ukumbi wako teke kubwa hutoka baada ya muda gani hasa? Jibu mapema tafadhali. Imebaki miezi miwili na nusu.

Chinami

---

Kurayoshi, 12 Septemba 1997

Mpwa wangu,

Nimechelewa kujibu, unajua huu ni msimu. Kila mwenye mikono miwili yuko shambani. Kimbunga kilipita pembeni tu, mapeari machache yalianguka, na mama yako aliyaokota yote akatengeneza jemu ambayo hakuna anayeweza kuifungua. Nakutumia sanduku moja la mapeari, si la jemu.

Nimesoma barua yako kwa makini. Nadhani tatizo ni kiti. Viti vya Osaka ni virefu mno, damu haifiki mikononi. Pia chunguza kijiti cha mashine yako, huenda kimelegea. Pia hewa ya mjini si nzuri kwa macho. Na huyo Hoshiko anayeomba msamaha kabla ya kupiga, huo ni ujanja wa kukulegeza roho. Usimwitikie.

Gazeti lisikusumbue. Wanaoandika magazeti hawajawahi kufika Kurayoshi.

Vaa soksi, usiku umeanza kupoa.

Mjomba wako

---

Osaka, 24 Septemba 1997

Mjomba,

Shikamoo, na asante sana kwa mapeari. Nimewagawia wote wanaonipiga, ndiyo maana yameisha haraka. Hoshiko amesema hajawahi kula peari yenye maji kiasi hicho, akainama mara tatu, kisha akanifunga mechi tano.

Kiti nimebadilisha. Kijiti ni kipya. Macho nimepima, mazuri.

Niliuliza swali moja nawe umenijibu habari za damu. Nauliza tena: kwenye ukumbi wako, mtu akibonyeza teke kubwa mara moja, linatoka au halitoki? Neno moja linatosha. Hata kadi ya posta inatosha.

Mama amenitumia picha ya meza yangu ya ushirika. Amepiga picha akiwa amesimama kwenye kiti ili ionekane yote. Pembeni unaonekana mkono wa Bwana Ikuta na mkate wake.

Chinami

---

[Kadi ya posta, picha ya vilima vya mchanga]

Kurayoshi, 6 Oktoba

Chinami mpendwa. Sote wazima. Mapeari ya mwisho yametoka. Nina shughuli nyingi kidogo za ukumbi. Moyo ndio unaoshinda, si kitufe.
Shigemitsu

---

Osaka, 14 Oktoba 1997

Mjomba,

Sijambo, na hujambo, najua, umeniandikia kwenye kadi.

Jana amekuja Bwana Nagami, yule dereva wa lori la mapeari, mchezaji wako wa Reika wa siku zote. Alileta mzigo sokoni, akaulizia wanapochezea watu, akanikuta. Unajua anavyocheza: kila akitaka teke kubwa anabonyeza mara mbili, pa-pa. Wachezaji wote wa kwetu wanabonyeza mara mbili. Nilikuwa nadhani ni ustaarabu wa mji.

Akakaa mashine ya nyuma, tukaanza. Nikasikia pa-pa, na Reika akapiga mateke mawili. Nikasikia sauti yake kutoka upande wa pili:

"Eh! Chinami!"

"Nini?"

"Linatoka!"

"Nini linatoka?"

"Teke! Nimebonyeza mara moja na limetoka! Limetoka tena! Wewe, njoo uone huku, njoo uone!"

"Bwana Nagami, siwezi kuja, unanipiga."

"Huku teke linatoka lenyewe! Miaka mitatu nabonyeza mpaka kidole kimeota sugu! Mke wangu alinipeleka kwa daktari!"

Watu wote ukumbini wakageuka kumtazama mwanamume wa miaka hamsini akishangilia kitufe. Alinifunga mechi tisa. Bwana Nagami, Mjomba, ambaye hajawahi kunifunga tangu nimjue. Aliondoka anaimba.

Mimi nikabaki nimekaa pale nafikiri. Ukumbini kwako mashine ni mbili, zimepeana mgongo. Wewe miaka yote unakaa ile iliyo karibu na kaunta, unasema ni ili uone wateja. Nami kwa kuwa ni mpwa wako nilikuwa nakaa hapohapo. Wanaokuja kutupinga wanakaa ya nyuma. Mechi elfu moja mia moja arobaini na tatu, zote hivyo.

Siulizi tena kuhusu teke. Nauliza kuhusu kitufe. Kitufe cha teke kubwa cha mashine ya nyuma kina nini? Na umejua tangu lini?

Zimebaki siku ishirini. Mimi ndiye nitakayekaa na Ikuta, si wewe.

Chinami

---

Kurayoshi, 27 Oktoba 1997

Chinami,

Sitaandika habari za hali ya hewa.

Kitufe kilimwagikiwa. Ilikuwa siku ya nne ya mwaka mpya, mwaka 1994. Nilikuwa na bakuli la supu tamu ya maharage, nikainama juu ya mashine ya nyuma nione nani amekuja kunipinga, na bakuli likainama pamoja nami. Nikapangusa juu. Ndani sikupangusa. Siku ile nilishinda mechi kumi na moja mfululizo, mimi ambaye kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kushinda mbili, kufungwa nne. Nikajiambia nitakisafisha kesho.

Kesho yake nikashinda tisa.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa kwanza nilijua. Mwezi wa sita nilikuwa nimeanza kuamini kwamba teke lile kweli ni zito. Mwaka wa pili nilikuwa nimechora chati. Mtu akishachora chati, mwanangu, ni vigumu sana kufungua mashine na kutazama ndani.

Barua yako ya Agosti niliisoma nikajua papo hapo. Nilikosea. Nilikosea kukaa kimya mwaka ule, nilikosea kukutumia ile chati, na nilikosea zaidi kukuandikia habari za viti wakati najua unahesabu siku. Nimeona aibu mpaka nikawa siwezi kupita mbele ya sanduku la posta. Naomba unisamehe.

Juzi Jumamosi nilifunga mlango, nikafungua mashine. Maharage yalikuwa magumu kama lami. Nilisafisha kwa spiriti na pamba za masikio, pakiti nzima. Halafu nikawaita wote, nikasimama mbele ya kaunta nikawaambia. Mwenye duka la tofu akauliza, "Kwa hiyo mimi si mbovu?" Nikamwambia hapana, wewe si mbovu. Akakaa chini akavua kofia, akabaki anaitazama. Bwana Nagami aliwahi kuwaambia wengi, lakini walidhani amechanganywa na Osaka.

Kisha wakapanga foleni. Nimecheza mechi kumi, nimefungwa saba. Andika: Genzo dhidi ya Reika ni tatu kwa saba. Gazeti lilisema kweli.

Lakini soma hapa vizuri, maana hili ndilo ninaloweza kukupa. Zile tatu nilizoshinda sikushinda kwa ngwala. Ngwala itupe. Teke kubwa la Reika linatoka haraka, ila mguu hauwahi kurudi. Unabaki hewani kidogo, muda wa kupepesa jicho. Ukiwa umesimama tu, umeziba, hujafanya ujanja wowote, tumbo linakushikilia palepale pa karibu ambapo mwingine angesukumwa. Hapo mshike bega, umtupe. Uvumilivu wote wa Genzo uko hapo. Usipige kwanza. Udhaifu wake ndio uleule niliokuficha kwa jina la heshima: hawezi kurudi nyuma. Akifikishwa ukingoni, hana pa kwenda. Kwa hiyo usifike ukingoni.

Natuma kwa haraka, ulipie posta kitu chochote watakachokudai, nitakulipa.

Tafadhali usimwonyeshe mama yako barua hii.

Shigemitsu

---

Osaka, 18 Novemba 1997

Mjomba,

Shikamoo. Naandika mezani kwangu, mvua inanyesha, na mbwa wa mama mwenye nyumba amelala juu ya miguu yangu akinuka sabuni.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na tisa. Niliisoma nimesimama mlangoni, hata viatu sijavua. Nilikasirika sana, Mjomba, nisikufiche. Nilitaka kuichana. Niliiweka chini ya godoro nikatoka nikatembea mpaka miguu ikauma. Kisha nikaenda kwa Hoshiko nikamwambia, nipige teke kubwa, usiache mpaka nikuambie. Siku nne alinipiga baada ya kazi. Siku ya kwanza niliziba tu. Siku ya pili nilimshika bega mara moja, akasema, "Samahani, hiyo ni nini?" kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Hapo nikajua.

Tarehe tatu tulikuwa watu sitini na nne. Waliponiona na Genzo, mtangazaji alisema, "Tunampongeza kwa ujasiri," watu wakacheka. Nikasimama. Wakapiga teke, nikawashika. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Walikuwa wanamngojea Genzo wa ngwala, na Genzo huyu amesimama tu, kama mzee anayesubiri chai yake. Wa nne alikuwa Hoshiko. Aliinama, nami nikainama, sote wawili tukaomba tuhurumiwe. Nilimfunga raundi ya mwisho Genzo akiwa amebakiwa na uhai wa pigo moja tu. Alilia, akanikumbatia, akaniambia twende tukale.

Kwenye nusu fainali nilifungwa. Ikabaki mechi moja, ya kugombea nafasi ya tatu. Yule bwana alikuwa ameniangalia siku nzima. Hakupiga teke hata moja. Alinisogeza kidogo kidogo kwa ngumi za mbali mpaka nikahisi ukingo mgongoni. Unajua yaliyobaki.

Nimekuwa wa nne, Mjomba. Wanakwenda watatu.

Nilimpigia Mama nikiwa kwenye kibanda cha simu, makoti ya watu yananisukuma. Nakuandikia tulivyosema, ili usije ukadhani nimetia chumvi.

"Umeshinda?"

"Nimekuwa wa nne."

"Wanakwenda wangapi?"

"Watatu."

"Basi Bwana Ikuta atafurahi. Treni ya saa ngapi?"

Nilianza kulia. Sikupanga kusema, lilinitoka tu: "Ningepita, Mama. Ningepita kama ningekuwa na miezi mitatu badala ya siku nne. Mjomba ameniambia ukweli dakika za mwisho."

"Shigemitsu amekwambia nini?"

"Kwamba alikosea."

Nikatazama kama salio limekwisha.

"Rudia."

"Amesema alikosea. Ameomba msamaha."

"Kwa mdomo?"

"Kwa maandishi, Mama. Na sahihi yake chini."

"Neno lenyewe? Ameandika 'nilikosea'?"

"Mara nne. Kwenye mstari mmoja."

Ndipo akaanza. Mjomba, sikujua. Baiskeli yake iliyoingia mtoni mwaka 1959, ukasema iliteleza yenyewe. Kikombe cha Babu cha chai, ukasema ni paka, na nyumbani hapakuwa na paka. Picha ya harusi yake ambayo wewe peke yako umefumba macho na ulimi nje, ukasema ni kosa la mpiga picha. Alizitaja kwa miaka, kwa miezi, moja kwa siku ya juma. Halafu akasema taratibu, "Miaka hamsini nimeishi na mtu yule, sijawahi kusikia neno hilo likimtoka. Mama yetu alikufa bila kulisikia. Niletee hiyo barua."

Mjomba, najua uliniomba nini. Niliikumbuka sentensi yako pale pale, nikiwa nimeshika simu. Lakini niliona pia ile meza, na mkono wenye mkate.

"Sileti bure," nikasema.

"Unataka nini?"

"Mwaka mmoja."

"Miezi sita."

"Mwaka, na jina la Bwana Ikuta lisitajwe tena."

"Ina kurasa ngapi?"

"Nne."

"Mwaka," akasema Mama, na nikamsikia akicheka, nikajua sijamsikia akicheka hivyo tangu Baba alipofariki.

Nimempelekea kwa posta ya haraka. Nisamehe. Wewe ulinidanganya miezi mitatu, kisha ukanipa kitu kigumu kuliko vyote ulivyonavyo, na hicho ndicho kilichoniokoa. Nakupenda sana, nami ni mpwa wako kweli, maana nimekuuza bila kusita.

Jana Mama amenipigia. Ameisoma mbele ya shangazi wote wawili wa Yonago, na ukurasa wa pili anaujua kwa moyo. Anakuja ukumbini kwako Jumapili saa nne asubuhi, yeye ambaye hajawahi kukanyaga pale. Anataka ulisome lile neno mwenyewe, kwa sauti, mbele ya watu.

Usifikirie kutokea mlango wa nyuma. Ameniuliza mlango huo uko upande gani, na nimemwambia.

Chinami